Bakari wa Kahawa na Kitanda cha Sokwe

Temeke ya wakati ule, kabla umeme haujafika mitaa yetu, ukitaka kusikia uongo uliopikwa ukaiva ulikuwa unakuja barazani kwangu. Mie ni fundi baiskeli. Shule niliacha darasa la pili, na si kwa ujinga, mwalimu ndiye aliyekuwa kaishiwa. Baiskeli nilikuwa naujua ugonjwa wake kwa kuisikia tu inavyokuja, na bado iko Chang'ombe. Wanaobisha wengi wao wamekufa, waulizeni.

Alasiri, jua likishapoa, watu wanakusanyika. Alikuwepo Salumu, fundi cherehani, Mzaramo mwenzangu, mtu ambaye ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. Alikuwepo Polikarpo, karani wa reli, Mnyamwezi wa Tabora, mtani wetu, aliyekuwaga anavaa tai hata akienda kuchota maji. Na katikati yetu anakuja Bakari, dele la kahawa mkono huu, vikombe viwili mkono huu, anavigonganisha kwa vidole: kling kling, kling kling. Ndiyo tangazo lake. Mchana kutwa vidole vile havikupumzika, na mkewe alisema hata akilala vinacheza juu ya shuka.

Sasa Bakari alikuwa na ila moja. Alikuwa hawezi kusema uongo. Nasema ila kwa sababu mfanyabiashara asiyeweza kusema uongo ni kama baiskeli isiyo na mnyororo, utapiga pedali mpaka Mbagala uko palepale.

Unamwuliza, "Bakari, kahawa ya leo kali?"

Anakujibu, "Ya jana ilikuwa kali zaidi."

"Kashata hizi za leo?"

"Za juzi. Za leo ziko nyumbani, hazijakauka."

Na watu wananunua. Mie mwenyewe kila nikijaribu kumfundisha biashara ananiangalia kama naongea Kigiriki. Lakini kukiwa na ubishi barazani, nani kaanza kugombana na nani, mpira uliingia au haukuingia, tulikuwa tunamwuliza Bakari. Akisema aliona, kesi imekwisha. Akisema hakuona, hata umpe roho hasemi zaidi.

Mkewe alikuwa Zuena, binti wa marehemu Mzee Feruzi. Hapo ndipo palipokuwa na mwiba.

Mzee Feruzi alikuwa Mmanyema. Ujanani aliishi kule Ziwa Tanganyika, kwenye milima yenye msitu mpaka juu, kabla hajateremka na msafara kuja pwani. Siku moja, barazani hapahapa, akasimulia kwamba kule kuna sokwe, na kila jioni sokwe hupanda mtini akajitandikia kitanda. Anavunja matawi, anayakunja, anayakanyaga, anaweka majani laini juu, analala. Kesho anatengeneza kingine. Alisema kaona kwa macho yake.

Salumu akamwuliza, "Na chandarua je, anafunga?"

Baraza likafa kwa kicheko. Basi ikawa ndiyo hiyo. Tangu siku ile mzee wa watu akawa Kitanda cha Nyani. Akisema mvua itanyesha, watu wanamwuliza kaambiwa na nyani yupi. Jioni moja alikuja kututahadharisha kwamba polisi wako barabarani wanakamata baiskeli zisizo na taa. Tukamcheka. Mie nikaondoka na baiskeli yangu isiyo na taa nikipiga mluzi, na nililala ndani siku ile, ingawa yule askari mwenyewe baadaye alikiri hajawahi kukamata mtu mwenye adabu kama mie.

Hayo ni mzaha. Lililokuwa si mzaha ni siku ya ndoa moja mtaani. Walitakiwa mashahidi wawili, mmoja akachelewa. Mzee Feruzi akasimama, kavaa kanzu yake nyeupe na koti, mtu mzima wa heshima zake. Kutoka nyuma mtu akasema, "Huyu? Shahidi wa nyani?" Watu wakacheka, na sheikh mwenyewe akainamisha kichwa kuficha meno. Mzee akakaa. Hakusimama tena kushuhudia jambo la mtu yeyote mpaka alipokufa, na Zuena siku ile alikuwa uani anapika pilau, alisikia yote.

Baada ya mzee kufa jina halikufa. Likashuka kwa binti. Wanawake wakigombana foleni ya maji, neno la kwanza ni hilo: wewe wa kitanda cha nyani, ngoja zamu yako.

Basi, mwaka ule Malkia wa Waingereza aliovishwa taji, Polikarpo akaja barazani na habari. Kuna Mzungu kafika na meli, anataka mpishi wa kwenda naye milimani, kule ziwani, kuhesabu sokwe.

"Kuwahesabu ili iweje?" Salumu akauliza.

"Wanakwisha. Msitu unakatwa, wenyewe wanawindwa. Serikali inataka kujua wamebaki wangapi."

"Akishawahesabu wataongezeka?"

"Mnisikilize basi, Wazaramo nyie. Wenyewe hawaonekani, wana woga. Kwa hiyo anahesabu viota vyao vya kulalia."

Mie nikamwangalia Bakari. Bakari akaangalia dele lake.

"Viota ni vya ndege," Salumu akasema. "Mzungu kauziwa maneno na Wamanyema. Wewe Polikarpo, umeona?"

"Mie nimeona karatasi za treni tu," Polikarpo akasema. "Sokwe sijamwona, na sina haja."

"Haya. Ndege kajenga, Mzungu kahesabu, sokwe kasifiwa." Watu wakacheka, na mzee huko kaburini akapata aibu upya.

Nyumba yangu na ya Bakari zilikuwa zinatenganishwa na ua wa makuti, na masikio yangu Mungu aliyatia baraka. Jioni ile nilimsikia Zuena.

"Baba Mauwa, neno lako wewe wanalikubali."

"Wanakubali niliyoyaona, Mama Mauwa. Hilo sijaliona."

"Ndiyo nakwambia nenda kalione."

"Nisipoliona?"

"Utarudi useme hukuona. Nitavumilia. Lakini uende."

Bakari akaenda. Mkono wake ulijua kupika zaidi ya kahawa, alishawahi kuwa mpishi wa mabaharia, na Polikarpo akampeleka kwa Mzungu. Wakapanda treni, siku ya kuondoka Zuena alisimama stesheni na Mauwa mgongoni, hakulia. Alimwambia mumewe neno moja tu, "Macho."

Haya ninayowasimulia sasa aliyaleta Bakari mwenyewe. Kwa hiyo hapa mtapumzika na uongo wangu kidogo.

Walishuka Kigoma, wakasafiri kwa maji, kisha wakapanda milima kwa miguu. Msitu ule, alisema Bakari, asubuhi umevaa ukungu, mchana unavuja maji, na baridi yake inapita kwenye mifupa. Yule Mzungu alikuwa mrefu mwembamba, wapagazi walimwita Bwana Viota. Mwenye kuijua njia alikuwa Marselino, Mtongwe, mwenyeji wa milima ile. Kazi yao ilikuwa kutembea mstari ulionyooka ndani ya msitu, kimya kimya, shingo juu, wakiona kitanda mtini wanasimama, wanapima, wanaandika kama majani ni mabichi au yamekauka, wanaendelea. Vitanda walivikuta. Mwenye kitanda hakuna.

Siku ya kwanza Bakari akaomba aende nao. Bwana Viota akakubali, akampa abebe chai. Wakatembea tangu alfajiri bila mtu kukohoa, wakipita chini ya kitanda baada ya kitanda. Mbele, Marselino akainua mkono: kuna kitu kinatikisa majani bondeni. Wote wakaganda. Na Bakari, mikono yake ina vikombe viwili vya bati, roho iko juu juu, vidole vikafanya kazi viliyoizoea.

Kling kling. Kling kling.

Bondeni kukawa na ukelele mmoja, matawi yakapasuka, kimya.

Marselino akageuka polepole. "Mwenzetu," akamwambia, "umewauzia?"

Bwana Viota hakutukana. Alivichukua vile vikombe, akavitia kwenye mfuko wake mwenyewe, akasema mpishi kuanzia leo anabaki kambini. Bakari akabaki. Na ugumu ukawa huo: sokwe hutandika magharibi, na magharibi ndiyo saa ya mpishi kuwa na sufuria motoni. Wenzake walikuwa wanarudi kabla ya giza, wanasimulia vitanda, na yeye anageuza maharage. Akimwuliza Marselino, "Nikikaa chini ya kitanda nilichokiona, si atarudi?" Marselino anamwambia, "Harudi. Kila siku kipya. Wewe unakaa chini ya shuka chafu ya mwenzio."

Mwezi wa Ramadhani ukaandama wakiwa huko. Marselino na wapagazi walikuwa Wakristo na watu wa mizimu yao, Bakari peke yake akafunga. Kambi ilikuwa na makopo ya nyama ya nguruwe ya Bwana Viota, na Bakari hakutaka kutandika msala wake karibu na makopo yale. Akaomba ruhusa ya muda mfupi tu kila magharibi, apande kijito kidogo mpaka penye jiwe safi, afuturu, asali, ateremke. Bwana Viota akasema sawa, ilimradi supu isiungue.

Kila jioni akapanda. Tende zake alitoka nazo Dar, kazihesabu, moja kwa siku. Anafungua, anatawadha kijitoni, anaelekea kaskazini, anasali. Ziwa liko chini mkono wake wa kushoto, mlima uko kulia. Na kila jioni akimaliza anaangalia miti, hakuna kitu. Ramadhani ikaenda, ikaenda. Bwana Viota akasema wiki hiyo watafunga mizigo.

Bakari aliporudi Temeke, Idi ilikuwa imeshapita. Alifika mchana, akaoga, akala kwake, na alasiri tukasikia kling kling. Baraza lilijaa siku ile mpaka watu wakakaa juu ya baiskeli za wateja wangu. Hata wanawake walisimama karibu na mlango wa Bakari, wanajifanya wanachagua mchele. Zuena alikuwa ndani, mlango wazi nusu. Kumbe hakumwuliza mumewe kitu. Kamwekea chakula tu, kamwambia, "Utasema hukohuko, nisikie pamoja nao."

"Haya, Bakari," Salumu akaanza, "tuletee salamu za mashemeji zako."

Bakari akammiminia kwanza mteja, akaweka dele chini. "Vitanda nimeviona vingi," akasema. "Viko juu ya miti. Matawi yamekunjwa."

"Yamekunjwa na ndege."

"Sijui na nani. Hivyo nilivikuta vimekwisha tengenezwa."

Salumu akatupa jicho kwetu, kama mtu aliyeshakula. Mie nikamwona Zuena kaushika ubao wa mlango.

"Halafu jioni moja, karibu na kurudi," Bakari akasema, "nilikuwa nasali magharibi. Nikawa kwenye rakaa ya kwanza, ndani ya Alhamdu. Nikasikia mkono wa kulia, juu, tawi linavunjika. Kwaa. Likatulia. Likavunjika jingine."

"Ukaangalia."

"Nilikuwa nasali."

"Nakuuliza, ukaangalia?"

"Salumu, mtu anayesali anaangalia wapi?"

Mzee mmoja akasema, "Anaangalia pa kusujudia." Salumu akajikuna.

"Nikaangalia pa kusujudia," Bakari akaendelea. "Rakaa ya pili matawi yanavunjika tu, na majani yananiangukia begani. Moja likaanguka kwenye msala, mbele yangu, bichi. Nikasujudu juu yake."

Mie nikashindwa. "Bakari, mwanangu, si ungeikata ukaanza upya? Mungu ana haraka gani?"

"Niikate kwa ajili ya nyani?"

"Kwa ajili ya mkweo."

Akaniangalia. "Fundi, mkwe wangu ndiye aliyenisahihisha sala nilipokuja kuposa. Ningeikata, halafu ningemwambia nini? Lakini nisikufiche. Jicho lilitaka kwenda. Shingo ilinikaza mpaka ikauma. Nilisema moyoni, akimaliza kabla yangu, basi, nitarudi niwaambie nimesikia, sijaona. Rakaa ya tatu nikaisoma kama ninavyosoma siku zote, sikuikimbiza."

Hakuna aliyekunywa kahawa.

"Nikafika mwisho. Nikatoa salamu, kulia." Akageuza kichwa chake kulia, pale pale barazani, polepole, kama yuko msalani. "Mlima ulikuwa bado umeshika mwanga wa ziwani. Mti ulikuwa hapo, kama kutoka hapa mpaka hapo alipokaa Salumu. Juu yake kasimama sokwe. Mkubwa, mweusi, uso kama wa mtu aliyechoka kazi. Kashika tawi kwa mkono, analivuta, analikunja chini, analikanyaga kwa mguu. Nimeona kwa macho yangu."

"Kisha?"

"Kisha nikatoa salamu kushoto."

"Ukageuka?" Salumu alikuwa kasimama, bila yeye mwenyewe kujua. "Umemwona, ukamgeuzia kisogo?"

"Salamu ni mbili."

Watu wakashika vichwa. Polikarpo akalegeza tai yake. Mie katika maisha yangu nimetengeneza baiskeli iliyogongwa na lori, sikuwahi kuhangaika kama pale.

"Kushoto kulikuwa na ziwa tu," Bakari akasema. "Nikamaliza, nikarudisha macho kulia. Ameshalala. Chali, mguu mmoja juu, anajipigapiga kifua kwa jani. Akaniangalia. Nikamwangalia. Tukakaa hivyo. Supu ikaungua, Bwana Viota akala mkate."

"Na asubuhi?" Polikarpo akauliza.

"Nikawapeleka. Kitanda kipo, majani mabichi, mwenyewe kaondoka. Bwana Viota akapima, akafurahi, akanirudishia vikombe vyangu. Akaniuliza dume au jike. Nikamwambia sikuona vizuri. Marselino akaniambia, bora hukuwa na vikombe."

Salumu bado kasimama. Akauliza taratibu, na haikuwa tena sauti ya mzaha, "Alivyoanza kutandika, tawi la kwanza, hukuliona?"

"La kwanza sikuliona. Nililisikia. Nimeona la mwisho, na nimeona akilala. Zaidi ya hapo sisemi."

Nami nawaambia, kama Bakari angesema kaona tangu mwanzo mpaka mwisho, Salumu angepata pa kupenyeza mkasi. Lakini mtu aliyelikana tawi la kwanza mbele ya mkewe, siku ambayo mkewe anaisubiri kuliko siku zote, utambishia vipi tawi la mwisho? Baraza lote lilielewa, hata wale wenye vichwa vigumu, na mie nilielewa kabla yao.

Salumu akavuka uchochoro mpaka kwenye mlango wa Zuena. Akavua kofia.

"Zuena, dada yangu. Baba yako aliona."

"Mie nilikuwa najua," Zuena akasema. "Wasiojua ni wale uliowaambia."

"Wote?"

"Wewe ndiye unayejua ni wangapi."

Salumu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepimiwa nguo ikambana. Lakini alikwenda. Wiki nzima alizunguka Temeke, kisimani, sokoni, msikitini baada ya sala, anasema Mzee Feruzi alikuwa mkweli, sokwe anatandika. Na kwa kuwa ni Salumu anayesema, watu wakacheka, wakamwuliza na chandarua je, anafunga? Ikabidi awalete barazani mmoja mmoja wasikie kwa Bakari. Kahawa ilikuwa inakwisha mapema siku zile, na kashata za leo zikawa zinaliwa kabla hazijakauka.

Bakari aliwasimulia wote vilevile, hakuongeza hata jani. Mie nilimshauri amtie chui kidogo pale kwenye rakaa ya tatu, akakataa. Akifika kwenye salamu anageuza kichwa kulia, anakigeuza kushoto, na watu wanashika vichwa upya. Mwaka uleule kukatokea nikaha kwa jirani. Wakamfuata Bakari awe shahidi, na Bakari akawaambia hatakwenda mpaka kwanza wamsomee Mzee Feruzi Fatiha, mbele ya waalikwa, kwa jina lake alilopewa na wazazi wake. Wakasoma. Sheikh ni yuleyule, na safari hii hakuwa na meno ya kuficha.

Zuena alinenepa mwaka ule. Mkinibishia hili mtakuwa hamjui wanawake. Foleni ya maji akawa anapewa zamu bila kuomba, na yeye anaiachia wazee.

Siku moja akaja mgeni kutoka Kinondoni, muuza samaki, kachoka na jua, kasikia habari huko kwao. Bakari akamsimulia mpaka mwisho. Yule mgeni akafikiri sana, kikombe mkononi, akauliza:

"Sasa ndugu yangu, huyo sokwe aliyekuona unasali, mbona yeye hakuteremka akasali nawe?"

Tukageuka wote kumwangalia Zuena, kwa sababu alikuwa kizingitini anamsuka Mauwa, na mzaha wa nyani kwake tulikuwa tumeshajifunza kuuogopa. Zuena akavuta nywele za mtoto, akafunga mwisho wa msuko, hata kichwa hakuinua.

"Hakuwa na udhu," akasema.